Tulivyolikimbia Jina la Baba

Tarbaj, Wajir

Mama mpendwa,

Ni kwa masikitiko makubwa kwamba jamaa ya Mwangi wa mtambo wa maji inatangaza kifo cha sufuria ya buluu uliyotuzawadia siku ya arusi. Marehemu ilikuwa juu ya rafu. Ilianguka mchana, ikapiga saruji hatua moja kutoka kichwani pa mjukuu wako, ikabingiria hadi mlangoni ikilia kama kengele ya shule, na mshikio ukakatika. Mke wangu Nyambura alipiga yowe. Majirani walitoka nje wakidhani ni bunduki. Mjukuu wako hakufumbua hata jicho. Marehemu imeacha mfuniko mmoja.

Baada ya msiba huo, hujambo? Magoti yanasemaje? Yule ng'ombe mwenye doa amezaa, au bado anakudanganya? Sisi tu wazima wa kusimama. Naandika kwa Kiswahili kwa sababu anayekusomea ni mke wa mdogo wangu, naye ni binti wa Taveta. Kikuyu chake hukitafuna kama kokoto. Shemeji, hiyo nayo isome. Usiruke kitu.

Kiangazi kimewaleta ngamia kisimani kutoka kila upande, kwa hiyo injini hainyamazi tangu alfajiri hadi jua kuzama. Ni ile ya dizeli niliyojifunza kuitengeneza kwa kuiharibu. Nyumba yetu imeegemea ukuta wake. Mtu akitaka chumvi mezani, huionyesha kwa kidole. Mjukuu wako hulala humo kama yuko kwenye mahubiri. Nimejigamba kisima kizima: huyu ni mwana wa fundi, kelele ni maziwa yake.

Sasa jina. Barua zako zote mbili nimezipata. Ya kwanza ilisema kwamba mtoto wa kwanza wa kiume huchukua jina la babu mzaa baba, kwamba mdogo wangu amepata wasichana watatu, na kwamba huyu basi ndiye Ngari, arudi nyumbani umwite "mume wangu" kabla hujafa. Ukamaliza hivi: asipokuwa Ngari, asiletwe kwangu.

Mama, mila naijua. Mimi mwenyewe nina jina la babu, kwa hiyo kwa mila ni baba wa baba yangu Ngari, na marehemu huyo aliniita "baba" mara mbili ninazozikumbuka, zote akiwa ameshiba. Siku nyingine alinichapa kwa mnyororo wa baiskeli. Sijaona kabila jingine ambalo mtu humchapa baba yake hivyo na jirani wakasema ni malezi. Kidole changu cha mwisho bado kimepinda. Kinanifaa kufikia nati zilizojificha. Wewe meno yako mawili ya mbele uliwaambia watu yaling'olewa na teke la ng'ombe. Ng'ombe yule tulimchinja kwenye matanga, na ndiye pekee pale ambaye hakuwa na hatia. Wewe ulilia siku nne. Mimi nilikula vizuri.

Na sasa unataka arudi, awe mdogo, umfunge mgongoni. Pengine umeshapiga hesabu zako: safari hii wewe ndiye utakuwa mkubwa.

Aliyemzalisha Nyambura ni jirani yetu Halima, mwenye mbuzi wengi kuliko meno, ambaye hapa wote humwita Ayeyo, yaani nyanya. Mvua iliyokuwa imetukataa miezi saba ilianza kupiga mabati mtoto alipotoa kichwa. Ayeyo alimfuta, akamfunga katika leso, ndipo akaniuliza kwetu mtoto kama huyu huitwa nani.

"Ngari," nikasema. "Maana yake chui."

"Chui hii inakula mbuzi?"

"Ndiyo hiyo, Ayeyo."

"Na wewe nataka mimi iite yeye kila siku, mbele ya mbuzi yangu?"

Nilimwambia kwetu chui ni jina la heshima. Akasema kwao heshima ya chui ni mkuki. Akamtazama mtoto, akatazama mlango ambao maji yalikuwa yakipita chini yake. "Yeye imekuja na mvua. Ni Roble. Roble ni mtoto ya mvua, basi."

Nyambura alicheka, mara ya kwanza tangu uchungu umshike, kwa sababu jina lake mwenyewe ni la mvua. Mvua kwa Kikuyu imezaa mvua kwa Kisomali, akasema, nani tena anataka chui? Mimi niliona mlango umefunguka, nikapita. Sitakuficha, Mama: hata kama Ayeyo angesema aitwe Ndoo, ningekubali.

Hapo ningekuwa nimeshinda, lakini mtoto anahitaji cheti. Nilikwenda ofisini, nikapanga foleni nyuma ya wachungaji, nikamfikia karani aitwaye Abdi.

"Mtoto naitwa nani?"

"Roble."

Akanitazama shati, akanitazama uso, akaandika. "Baba?"

"Mwangi."

"Babu?"

Nikasema majina mawili yanatosha. Abdi akaweka kalamu chini. Hapa, Mama, mtoto wa miaka sita hukutajia mababu kumi bila kuvuta pumzi, na mtu huulizwa ukoo wake kabla ya kupewa maji.

"Moja ni mtoto, bili ni baba, tatu ni babu," akasema. "Wewe baba yako hujui?"

"Namjua. Sitaki aandikwe."

Akawageukia wale wa foleni, akawatafsiria kwa sauti. Mzee mmoja mwenye ndevu nyekundu za hina alisema neno, wote wakacheka, na Abdi kwa ukarimu akanitafsiria mimi: "Nasema hata punda ya yeye najua baba yake. Nasema, pengine wewe iliokotwa."

Walicheka tena. Nimestahimili mengi hapa, joto, nge, dizeli yenye mchanga. Lakini nilisimama pale kama mtoto wa jalala mbele ya watu ambao kesho watakuja kuchota maji kwangu, nikasema "Ngari" kwa sauti ambayo hata wewe ungeisikia. Abdi akaandika, akagonga muhuri. Roble Mwangi Ngari. Nilimkimbia baba hadi mahali ambapo lori haliendi bila askari, kisha nikamkabidhi mezani kwa mkono wangu mwenyewe.

Kwa hiyo umeshinda, Mama. Yumo, nafasi ya tatu. Mwite mume wako kuanzia upande wa kulia.

Barua yako ya pili, ile iliyokuja na lori la sukari, ilisema tusigombane: tukae nyuma ya mtoto, tumwite majina yote mawili, na lile atakaloligeukia ndilo lake. Hilo nitalijibu chini, karatasi ikibaki.

Nisalimie mdogo wangu, umwambie wasichana watatu ni baraka, hawana wa kumrudisha. Msalimie shangazi, dada yake marehemu, aliyelia matangani kuliko waliopigwa. Msalimie mama mkwe wangu, na fundi wa baiskeli pale njia panda, aliyekuwa akimuuzia baba minyororo. Shemeji, asante kwa sauti yako.

Ni mimi mwanao, ambaye kwa mila ni baba mkwe wako,
Mwangi

Karatasi imebaki. Tulimwita, Mama. Ana miezi minane sasa, anakaa bila kushikwa. Injini nilikuwa nimeizima. Mimi nilisimama nyuma yake nikaita Ngari. Nyambura akaita Roble. Tuliita kwa zamu, kisha kwa pamoja, mtoto anavuta kamba ya kiatu changu kilichokuwa mbele yake. Ayeyo akapiga makofi. Kisha akaiokota ile sufuria ya buluu, akaigonga kwa mwiko nyuma ya kisogo cha mtoto mpaka mbuzi wa nje wakatawanyika. Hakugeuka. Ayeyo akaiweka sufuria chini taratibu, akaenda kutafuta mbuzi wake.

Daktari wa Garissa amempima. Mtoto ni kiziwi tangu kuzaliwa.