Karanga Zako Tumezimenya

Dada Neema,

Mwadila. Huku Bariadi jua ni kali, pamba inavunwa, na shangazi ananilisha michembe ya viazi kila nikikaa. Leo kaniuliza habari za dawa yako mpya ya kansa. Nikamweleza kama daktari alivyotueleza: ni ileile ya mwanzo, ila sasa imefungwa ndani ya vitone vya mafuta vidogo mno, havionekani kwa macho, ili nyingi ifike kwenye uvimbe na moyo wako usiumie kama mwanzo.

"Kwa hiyo haigombani na kila mtu njiani," akasema. "Haina ubaya, basi?"

Nikamwambia ukweli: inaweza kukuchubua viganja na nyayo, na umekatazwa maji ya moto na kazi za kusugua mikono.

Kisha akaufumua mfuko wa karanga za kukutumia, aliokuwa ameshaushona mdomo, akazimwaga zote mkekani. Zilikuwa na maganda. Akaniambia nisogee.

Tumemenya hadi vidole vinaniuma, ndiyo maana mwandiko umekaa hivi. Zikikufikia, wewe tafuna tu.

Mdogo wako,
Masanja