Jani la Goweko Kwenye Kioo cha Simu

Chemchem, Tabora

Baba,

Shikamoo. Barua yako imefika, na kabla ya mengine nataka kujua goti linaendeleaje, na kama ile dawa ya kuchua unaitumia au umeiweka dirishani ipate jua. Mama naye, kifua kimemwachia? Mimi ni mzima. Huku joto ni kavu na vumbi linaingia hadi kwenye sukari. Bi Mwajuma, mwenye nyumba wangu, kila jioni ananiletea bakuli la kunde na swali lile lile, nitaolewa lini. Kunde nazila.

Uliandika kwamba habari ya picha kusafiri kutoka simu hadi simu huiamini mpaka mtu aliyeiona kwa macho yake akueleze hatua kwa hatua. Nimeiona, kwa hiyo nakueleza.

Yuko mkulima mmoja wa tumbaku kule Goweko, Mzee Mihayo, niliyekutana naye nilipokwenda kuliandikia gazeti habari za msimu. Mwezi uliopita aliteleza kwenye tope la kisima, akavunjika paja. Wakamleta hospitali hapa mjini, mguu ukatundikwa kwa kamba na uzito. Nyuma aliacha bani limejaa. Bani ni kijumba cha matofali kinachokaushia majani ya tumbaku kwa joto la kuni. Siku za mwanzo moto huwa mdogo, majani yageuke njano taratibu. Yakishageuka, moto unaongezwa yakauke. Ukiongeza mapema, jani linakauka likiwa kijani na halibadiliki tena. Ukichelewa, linakuwa kahawia na kuvunda. Katikati hapo pana saa chache tu, na katika nyumba ile anayezijua ni yeye peke yake. Kipimajoto kilivunjika zamani, naye hakutafuta kingine kwa sababu alikuwa na macho.

Kazi yote ya mwaka ya watu wale, kuanzia kitalu hadi kuni, ilikuwa imening'inia mle ndani, na macho yenyewe yalikuwa yamelazwa wodi ya wanaume.

Mchana mmoja nilikwenda kumjulia hali. Hana simu, kwa hiyo bintiye Nyamizi, mwalimu wa shule ya msingi kule Goweko, alipiga kwangu. Nikampa Mzee simu, naye akaishika kama mtu anayeshika yai la moto.

"Yamekuwa njano, Baba," Nyamizi alisema. Alipaza sauti hadi wodi nzima ikasikia.

"Njano gani?"

"Njano ya kawaida."

"Kuna njano ya ndizi ya kuliwa leo na kuna njano ya ndizi ya kuliwa kesho kutwa. Ipi?"

Nyamizi akasema ya katikati. Mzee akanirudishia simu. "Huyu nimemsomesha hadi chuo," akaniambia, "na rangi hajui."

Simu ya Nyamizi ina kamera, na ya kwangu, niliyopewa na ofisi, inayo pia. Akasema atatuma picha ya jani.

Sasa sikiliza, Baba, maana wewe ulikaa dirisha la vifurushi la posta ya Korogwe tangu sijazaliwa na utaelewa kuliko mimi. Picha haitoki kwenye simu ya Nyamizi ikatua kwenye yangu. Simu yake kwanza inaibana iwe ndogo, kwa kuwa njia ni nyembamba. Halafu inaipeleka kwenye mitambo ya kampuni ya simu, Dar es Salaam, nayo inaiweka rafuni. Kinachonifikia mimi ni kikaratasi tu kwamba nina mzigo, kama vile ulivyokuwa ukitumbukiza kwenye masanduku ya watu. Simu yangu ikishapata kikaratasi, inakwenda yenyewe dirishani kuuchukua. Ukikaa siku kadhaa bila mwenyewe, wanautupa.

Mara ya kwanza mambo yalikwama. Badala ya picha nilipata maneno matupu: kuna ujumbe wa picha, nenda kwenye kompyuta, andika anwani hii na namba hii ya siri. Kompyuta na kitanda cha Mzee haviwezi kukutanishwa. Nikapiga kwenye kampuni. Msichana aliyepokea akanieleza kwa upole kwamba mitambo yao haikujua kama simu yangu inaweza kupokea picha. Akanitumia mipangilio, akanitaka niihifadhi, nizime, niwashe. Mgonjwa wa kitanda cha pili akamwuliza Mzee kama na ugali unaweza kupitia humo, maana wa hospitali umemchosha.

Nyamizi akatuma tena. Nilitazama saa. Kikaratasi kilifika, mstari mdogo ukajaa pole pole kwenye kioo, na baada ya dakika nne jani la Goweko lilikuwa kiganjani mwangu, dogo kama stempu mbili zilizobandikwa pamoja. Bi Mwajuma aliwahi kuniambia kwamba babu wa babu yake alikuwa mpagazi, akibeba mizigo na barua za matajiri kutoka hapa hadi pwani, na majibu yalirudi naye mahindi yakiwa yamekwisha kuvunwa. Picha ile ilikwenda pwani na kurudi nikiwa nimesimama pale pale kando ya kitanda.

Mzee akaisogeza mbali na macho. "Kijani," akasema. "Bado. Wasiguse moto."

Nilikuwa nimeanza kupiga namba ya Nyamizi aliposema, "Ngoja." Akaitazama tena. "Huu mkono ulioshika jani ni wa nani?"

Nikamwambia ni wa mwanawe.

"Hapana. Kiganja cha Nyamizi kina wekundu kama cha mama yake. Hiki kina rangi ya samaki." Akanirudishia simu. "Muulize amesimama wapi."

Nyamizi alikuwa amesimama mbele ya bani chini ya turubai la bluu. Aliogopa jua lisije likaharibu picha. Baba yake akatikisa kichwa. "Bluu hiyo imelipaka jani. Atoke nje. Alishike vile vile, na kiganja kionekane."

Picha ya pili ilipofika, Mzee hakuanza na jani. Alitazama kiganja kwanza, kwa muda mrefu, kisha akasema, "Huyu ndiye." Ndipo akahamia kwenye jani. Lilikuwa njano tupu.

"Mwambie waongeze moto sasa hivi. Pole pole, kuni mbili mbili."

Baba, unajua nimeifanya kazi hii miaka mingi na si mtu wa kushangaa upesi. Mashine ile ilinishangaza. Lakini mtu ambaye hakuwahi kushika simu, mguu umetundikwa, kugundua kwamba kamera inadanganya na kuisahihisha kwa kiganja cha mwanawe, hilo sikuwa na pa kuliweka. Daftari lilikuwa mkononi na sikuandika neno.

Bani lilifunguliwa wiki iliyofuata. Nyamizi akaja kwa treni Jumamosi na jani moja ndani ya karatasi za daftari la shule. Mzee alilinusa, akalisugua kwa kidole gumba, akaligeuza upande wa pili. Sote tulingoja, hata yule wa ugali.

"Mwalimu," akamwambia, "umefaulu."

Nisalimie Mama, na kaka Rashidi na baiskeli zake za watu zisizokwisha kutengenezwa. Shangazi Tausi mwambie vitumbua vya huku havifiki vyake. Mdogo wangu Asha akazane na mtihani.

Ndani ya bahasha kuna kipande cha jani lile. Picha yake ninayo kwenye simu, lakini hailingani na kitu chenyewe hata nikitoka nayo nje. Usiamue rangi yake hapo barazani kwenye kivuli. Lipeleke juani, na uweke kiganja chako kando yake.

Mwanao,
Zuhura