Jiko Letu Limeshika Nafasi ya Nne

Baba watoto, chai iko kwenye chupa. Zima pasi kabla hujatoka, si kama juzi. ~~Chakula jipikieni.~~ Nimeghairi. Msile kitu.

Kitinda mimba wangu, asubuhi ukiwa bado umelala nilikuwa naokota soksi chini ya kitanda chako, nikalikuta daftari lako la migahawa ya mtaani. Nimelisoma lote, unisamehe. Mtoto una jicho! Pale kona ulihesabu dakika mpaka chai ikafika. Pale ghorofani umeandika: "Mayai mazuri, yamefichwa chini ya majani." Nimecheka peke yangu kama mwehu.

Halafu nikafika nafasi ya nne: nyumbani. Ya nne! Na mayai yote niliyokaanga humu ndani! Nikanuna. Kisha nikasoma sababu yako: "Chakula hakina mpinzani, ila mpishi hakai mezani na sisi."



Nimetangulia kwenye mgahawa wako namba moja, mkabala na fundi viatu, niwahi meza ya dirishani. Jumamosi panajaa mapema. Njooni saa nne, na daftari mlibebe.

Mtanikuta nimekaa.

Mama