Nafasi ya Jina

Dar es Salaam, 4 Machi 2001

Dada Restituta,

Shikamoo. Mimi mzima, joto tu linanitesa. Zahanati hapo Lundo inaendeleaje? Na mdogo wetu Winifrida na tumbo lake?

Nina furaha, dada. Zile fomu za vifo vya wachanga mnazozituma, mimi ndiye ninayezitengenezea programu. Taarifa inaingia kwenye kompyuta mara moja, inatoka kwa maumbo matatu: karatasi ya wilaya, jedwali la wizara, faili la wafadhili. Kama muhogo tu: huo huo unachemshwa, unakaangwa, unasagwa unga. Faili la wafadhili lilinisumbua, likikuta nafasi wazi linagoma lote. Nikaweka sharti: fomu yenye nafasi wazi haitoki. Sasa kazi inapita laini, na wakubwa wamenipongeza.

Mdogo wako,
Henry

Lundo, 20 Mei 2001

Mdogo wangu Henry,

Marahaba. Hongera, mama angekuwepo angepiga vigelegele. Huku hali si nzuri. Pepopunda inatumalizia wachanga, na sindano za wajawazito zimekwisha tangu Kwaresima. Nilikwenda mwenyewe Mbinga kuziomba. Wakanionyesha karatasi inayotoka kwenye programu yako: Lundo hakuna kifo. Sindano, wakasema, zinapelekwa kwenye vifo. Henry, mimi ndiye ninayewaviringisha hao watoto kwenye kanga! Fomu zote nimetuma. Angalia huko, Winifrida anakaribia.

Dada yako,
Restituta

Dar es Salaam, 11 Juni 2001

Dada,

Shikamoo. Pole na kazi. Programu nimeijaribu tena, haina kosa; maumbo yote matatu yanakubaliana. Labda fomu zinachelewa njiani, barabara ya huko naijua. Mwambie Winifrida kofia ya mtoto nimeshanunua.

Henry

Lundo, 2 Julai 2001

Henry,

Leo sina salamu. Winifrida alijifungua mtoto wa kiume, mzuri. Wiki haijaisha akashindwa kunyonya, taya likajifunga, akawa anakakamaa kila mlango ukilia. Tumemzika jana. Unajua kwetu mtoto hapewi jina kabla kitovu hakijadondoka. Fomu yake nimejaza mwenyewe, nafasi ya jina nikaiacha wazi kama ninavyoiacha kwa wote. Mtafute huko.

Restituta

Dar es Salaam, 23 Julai 2001

Dada,

Shikamoo. Nimemtafuta. Fomu yake ilifika na ikaingizwa, lakini kwenye karatasi hayumo, kwenye jedwali hayumo, kwenye faili hayumo. Wamo wote ndani ya kompyuta, wachanga wa mwambao mzima wa ziwa, sharti langu limewazuia. Nimezaliwa huko huko, dada, na sikukumbuka. Naona aibu hata kuandika. Sharti nimeliondoa, faili la wafadhili nimelirekebisha lipokee nafasi wazi, sindano zimepitishwa. Nimwandikie nini Winifrida?

Mdogo wako,
Henry

Lundo, 30 Agosti 2001

Mdogo wangu,

Marahaba. Sindano zimefika, wajawazito walijaa hadi nje. Winifrida hakutoka ndani. Usimwandikie kwanza.

Jana alikuja akataka fomu ya mtoto ijazwe upya. Nikamweleza kwamba umesharekebisha, hata bila jina anaonekana. Akasema nijaze tu.

Amempa jina lako.

Dada yako,
Restituta