Kumbe Kifaranga Ni Mtu Mzima

Shoga, nimeumbuka mbele ya wageni wote wa makumbusho!

Unamkumbuka yule dinosaria wangu wa kale, mdogo kama kuku? Nimesimama kwenye kabati lake la kioo nikawaambia wageni ninaowaongoza, kwa huzuni, "Huyu ni kifaranga, maskini, alikufa kabla hajakua."

Profesa wetu wa mifupa ya kale akakohoa. "Binti, tulikata kipande cha paja lake tukakitazama kwa hadubini. Mfupa ulishaacha kukua. Huyu ni mtu mzima."

MTU MZIMA, shoga!

Nikamgeukia mkurugenzi anitetee. Kimo chake unakijua, ananifikia begani. Akasema taratibu, "Kumbe wewe ukiona mfupi, unajua ni mtoto."

Wageni wakaangua kicheko. Yeye hakucheka.

Kuanzia kesho nimehamishiwa chumba cha twiga.