Matundu ya Wadi ya Wazazi

Mume wangu, Baba Mapendo,

Jana vijana wanaofunga mashine mpya za baridi pale hospitali kubwa walinisimamisha kwenye wadi ya wazazi, ambako bado napita hata uzeeni. Mmoja alinyoosha kidole juu, karibu na dari, kwenye yale matundu yaliyopindapinda, akauliza, "Mama, ni fundi gani aliharibu ukuta hivi?" Nilicheka hadi nikashika kitanda. Nikamwambia, "Ni bwana yangu." Akaomba msamaha, maskini, asijue kwamba ni miaka mingi hakuna mtu aliyenikumbusha wewe.

Unazikumbuka feni za zamani? Wazungu walipoondoka baada ya uhuru walikuachia injini moja iliyozungusha feni zote kwa mkanda mrefu uliolia kama mbuzi. Oili ya mashine ilipokosekana, ukazipaka mawese. Kila zilipopata moto, wadi nzima ikanukia kama jikoni. Wanawake waliotoka kujifungua wakaanza kudai sombe na samaki, na lawama zikaniangukia mimi, muuguzi wa zamu. Nilikuja kukugombeza, nikakukuta juu ya ngazi, midomo myekundu kwa mawese, kwa sababu kikopo ulikuwa umekishika kwa meno. Hapo ndipo nilipokupenda, nakuambia leo bila aibu.

Halafu, tukiwa tumeshaoana, klimatizere, mashine ya kwanza ya baridi, ikashuka na meli bandarini Kalundu. Wapagazi waliibeba wakiimba, nawe ukatembea mbele yao kama padri. Ulisema mashine hiyo inataka nyumba iliyofungwa, basi ukaziba kwa matofali matundu yote ya juu yaliyokuwa yakituletea upepo wa ziwa. Sementi ukailainisha kwa kiganja. Kila aliyepita ulimwita aje aguse. Siku ya kuiwasha, baridi ikajaa, ukageuka kuwatazama wazazi wa wadi, ukakuta vitanda vitupu. Wote walikuwa nje juani, watoto wamefunikwa vitenge. Nabintu, mkunga mzee kutoka Luberizi, hakukuficha: "Weye fundi, mutoto anatoka mu tumbo ya moto, unamutia mu frigo? Miye siwezi."

Nyumbani ulisusa ugali. Nilikuwa na mimba wakati huo. Niliuchukua mkono wako nikauweka tumboni, nikakuambia, "Huyu wetu atazaliwa chini ya mashine yako. Kula sasa." Ukala.

Kumbe vita vilikuwa njiani. Uasi ulipofika kwetu, barabara ya Bukavu ilifungwa, mazuti ya kuendesha injini yakaisha, mashine ikanyamaza. Watu wakakimbilia mitumbwi wavuke kwenda Burundi, na mimi uchungu ukanishika siku hiyohiyo. Wadi uliyoiziba vizuri ikawa tanuri. Wanawake walilala sakafuni wakitafuta ubaridi, mmoja akazimia, nami nikaanza kuona giza. Kaka yako alikuwa ufukweni ameshika mtumbwi, anakuita. Wewe ukaingia na nyundo.

Sijapata kuona mwanaume akifanya kazi huku analia namna ile. Ulipiga ukuta wako mwenyewe, tofali kwa tofali, ukisema, "Unisamehe, unisamehe," na sijui kama ulikuwa ukiniambia mimi au ukuta. Upepo wa ziwa ukaingia na vumbi lote. Nabintu akapangusa uso. "Sasa iko muzuri, fundi. Sasa tunaweza kuzalisha." Mapendo akaja, kapakaa vumbi la matofali, anapiga kelele.

Ulitupandisha kwenye mtumbwi, mtoto umembeba wewe. Ukanipa, ukasema, "Kuko benye habawezi kutembea. Naenda kubaleta, nitakuya."

Ulivyosema ulifanya. Wanawake wale wasioweza kutembea walivuka. Waliniambia kwamba ulirudi tena kuangalia kama kuna aliyebaki, na baada ya hapo hakuna aliyekuona. Nilikukasirikia miaka mingi, acha niseme. Mapendo alijifunza kuita baba bila mtu wa kumwitikia.

Huna kaburi, mume wangu. Nina matundu yale tu, na sasa vijana wanasema lazima yazibwe, la sivyo baridi yote itatoka nje. Nilitaka kukataa. Lakini nikakusikia wewe ndani ya maneno yao. Ungekuwapo, ungeshaanza kuchanganya sementi. Basi nikaomba kitu kimoja. Tundu lililo juu ya kitanda changu cha siku ile wasilizibe kwa matofali. Walitie kidirisha cha mbao, kifungwe mashine zikiwaka, kifunguliwe umeme ukikatika, na umeme wa hapa haukosi kukatika. Wakatazamana, wakakubali.

Leo wamekimaliza. Bawaba zilikuwa zikilia. Mapendo wetu, ambaye ana mvi ambazo wewe hukuzifikia, akapanda ngazi, nami nikampa kikopo cha mawese niliyokuwa nimeyapasha moto nyumbani. Akapaka. Mama mmoja aliyejifungua asubuhi akageuka kitandani, akanusa.

"Nani iko anapika hapa?"

Nikamjibu, "Ni bwana yangu."

Pumzika, mpenzi, popote walipokuacha. Kidirisha nimekiacha wazi kidogo, vijana hawajaona.

Mke wako,
Mama Mapendo