Mama wa Ubatizo Ana Pasipoti Yangu

Mpendwa Mshauri, uniwie radhi kwa kimya cha miezi saba. Mara ya kwanza nilikuuliza dawa ya mgongo nikakuficha kilichouumiza, na aibu ikanizuia kukuandikia tena. Naomba msaada. Mimi ni mwalimu mstaafu wa sarufi kutoka mji wa Zestaponi, Georgia, nina miaka sitini na mitatu, na nililetwa hapa Thesaloniki, Ugiriki, na Tsiala, mwanamke aliyemsimamia mjukuu wangu kwenye ubatizo, akisema nitamtunza mzee mmoja kwa miezi mitatu, lakini nilipofika alichukua pasipoti yangu "isije ikapotea", akaniacha na mzee asiyeweza kujigeuza kitandani, mlango ukifungwa kwa nje, na miezi mitatu ikawa miaka miwili.

Mzee alipofariki polisi walinikuta sina karatasi, wakaniuliza nani alinileta, nami nikajibu kwamba nilikuja mwenyewe, kwa sababu kwetu mliyeunganishwa naye na ubatizo ni zaidi ya ndugu wa damu, hashtakiwi. Wakanipa siku thelathini niondoke nchini, zimebaki tisa. Stavroula, ofisa wa ustawi wa jamii katika hosteli ninamolala, anasema sheria humlinda aliyesafirishwa kwa hila na kufungiwa kazini, kwamba hupewa miezi mitatu ya kutafakari bila kufukuzwa, ila lazima nieleze ukweli. "Bibi," aliniambia, "kwa jibu lile, tiketi ya kurudi umejikatia mwenyewe." Tsiala naye kanipigia: "Mwalimu, mtoto wenu nimembeba mimi kanisani, leo unipeleke jela? Kasisi utamtazamaje?" Kesho kutwa naonana na wakili. Nikishaamua, nitakuandikia.

Guliko

*

Mwalimu Guliko, pole sana; sasa nisikilize. Umesahihisha insha za watoto maisha yako yote, halafu mbele ya polisi ukatunga ya uongo! Ulidhani unalinda ubatizo, kumbe ulilinda kufuli. Mimi pia ni Mgeorgia, nimesimamia watoto wanne, na hakuna kasisi aliyeniambia kwamba sasa naweza kuwafungia bibi zao ndani.

Maelezo yale ya kwanza yanarekebishika. Wengi hudanganya kwa woga, na wakili analijua hilo. Usingoje kesho kutwa; nenda kwa wakili leo, pamoja na Stavroula. Dai mkalimani, hata kama Kigiriki unakiweza, na asiwe mtu wa parokia yetu, asije akampelekea Tsiala habari. Sema nani ana pasipoti yako na nani alikuwa na ufunguo. Omba hiyo miezi ya kutafakari kwa maandishi, uondoke na nakala mkononi. Karatasi ya kurudi kwa hiari usiisaini, hata ukiletewa pamoja na chai. Simu ya Tsiala usiipokee.

Huhitaji kuamua leo kama utasimama naye mahakamani. Miezi mitatu hiyo ndiyo ya kuamulia. Leo unatakiwa kutamka neno moja tu, kwa sauti ile ya darasani: nililetwa.